Ukumbi wa chama chetu Katuba: tuukodishe kwa harusi au tuufanye maktaba ya watoto?

Mwalimu wa Katuba

Wapendwa, salamu kutoka Lubumbashi, kusini mwa Kongo (DRC).

Chama chetu cha kusaidiana kina ukumbi hapa Katuba, moja ya manispaa za mji. Si mkubwa. Mabati yake ni mazima, madirisha yanatazama barabarani, choo kiko nyuma. Kanisa lililokuwa likikodi limepata kiwanja chake, na sasa wanachama tumegawanyika. Wengi wanataka tuugeuze sali ya sherehe, maana viti vya plastiki vipo tayari, na harusi na vilio (matanga) haviishi mjini humu. Sisi wachache tunataka maktaba ya watoto. Kikao ni mwisho wa mwezi. Naweka hoja zangu hapa mzichambue, hata mzirarue, kabla wenzangu hawajazirarua mbele ya watu.

Naanza na saa za mtoto. Tangu Septemba 2019, shule za msingi za serikali zilipofanywa bure, madarasa yamefurika. Jambo jema, lakini majengo ni yale yale, kwa hiyo shule nyingi zinafundisha kwa zamu: hawa asubuhi, hawa mchana. Maana yake, saa yoyote ya siku ya kazi kuna kundi kubwa la watoto wa kartie (mtaa) ambao hawako darasani. Mama yuko soko la Kenya, manispaa jirani hapa mjini, baba yuko kazini au anaitafuta hiyo kazi. Mtoto yuko wapi? Barabarani, au kwenye kibanda cha video, au amefungiwa ndani ya lupango (ua wa nyumba) na mdogo wake. Nitajieni mahali pamoja hapa Katuba ambapo mtoto wa miaka tisa anaweza kuingia bila kulipa, bila kununua kitu, bila kukemewa wala kuombewa, akakaa tu.

La pili ni vitabu vyenyewe. Darasani kwangu kitabu cha kusoma hukaa katikati ya dawati, na dawati lina watoto wanne, siku nyingine watano. Nilikuwa na msichana aliyesoma vizuri ajabu kitabu kikiwa kimepinduliwa. Ukikigeuza sawasawa, anakwama. Nilipofika kwao nikaelewa. Kitabu kilikuwa cha kaka yake, kaka ndiye anayekishika, yeye anakaa upande wa pili wa meza. Alijifunza herufi zikiwa miguu juu kichwa chini, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi aliyopewa. Benki ya Dunia mwaka 2022 ilikadiria kwamba watoto 97 katika kila 100 nchini kwetu wanafika miaka kumi hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Watu wakisikia hivyo wanatulaumu walimu. Haya, tulaumuni. Lakini kusoma ni mazoezi, na hakuna anayefanya mazoezi ya mpira kwa kuutazama ukiwa miguuni mwa mwenzake.

Sasa nafika pale ninapogombana hata na wanaoniunga mkono. Wana wetu walioko Ubelgiji wameahidi kutuma kontena la vitabu, na wenzangu wanashangilia. Mimi nasema kontena lisije kwanza. Maktaba ya watoto ni mtu mzima anayelipwa afungue mlango saa ile ile kila siku, anayejua huyu anaitwa nani, jana alifika ukurasa gani, na kwa nini leo amekaa kimya. Ukiwa na mtu huyo na vitabu mia tatu, una maktaba. Ukiwa na vitabu elfu kumi bila yeye, una bohari ya panya.

Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, aligharamia maktaba 2,509 duniani kuanzia ile ya kwanza ya Dunfermline, Scotland, mwaka 1883. Sharti lake kwa miji lilikuwa hili: nyinyi toeni kiwanja, na mwahidi kutenga kila mwaka sehemu ya kumi ya gharama ya jengo ili maktaba iendeshwe. Mji usioahidi haupati kitu. Wafanyakazi wake walikuwa na sababu nyingi za kumchukia, siwezi kumtakasa hapa, lakini kwa jambo hili alijua anachosema. Alipokuwa kijana wa kazi pale Allegheny, Kanali James Anderson alikuwa akiwafungulia vijana wa kazi maktaba ya nyumbani kwake kila Jumamosi ili waazime. Carnegie alikumbuka vitabu, ndiyo, lakini alikumbuka pia kwamba Jumamosi ikifika mlango unafunguliwa kweli.

Nipeni maoni. Wapinzani pia, tena hasa nyinyi.

Kijana wa Ruashi

Mwalimu, heshima yako. Lakini miye nasema wazi: bana beko na njaa. Mutoto ameamuka, amekunywa chai bule, weye unamuitia kitabu? Na tena siku hizi kila kitu kiko mu telefone. Sali itawaletea feza, na ile feza njo mutasaidia nayo batu ku kilio. Maktaba italeta nini? Bado sijasema juu ya umeme: saa kumi na mbili ya mangaribi ni giza, mutoto anasoma na nini?

Mwalimu wa Katuba

Leki yangu, mdogo wangu wa Ruashi, njaa ni kweli na sitaificha nyuma ya kitabu. Ila mtoto mwenye njaa anacheza, anaimba, anauliza maswali. Hajaacha kuwa mtoto akisubiri bukari (ugali) ya jioni. Kuhusu telefone: ya nani? Nyumba nyingi ninazozijua zina simu moja yenye intaneti, ni ya baba, inaondoka naye asubuhi na mega zinaisha kabla hajarudi. Hilo la umeme umenishika. Sina jibu bado, na ndiyo maana nataka tufungue mchana.

Binti Kamalondo

Nimesoma mpaka hapa na naona wote mnasema "mtoto" huku mnamwona mvulana. Msichana wa miaka kumi hayuko kwenye kibanda cha video, Mwalimu. Yuko kwenye foleni ya maji, au anasonga bukari, au ana mdogo wake mgongoni. Mara nyingi yote matatu kwa siku moja.

Kwa hiyo mkibandika mlangoni tangazo la "watoto wachanga hawaingii, wanapiga kelele", mmefukuza wasichana wote wa kartie bila hata kuandika neno msichana. Nimewahi kuona tangazo la namna hiyo, sitasema wapi. Ndani walikuwa wamekaa wavulana watupu, na wasimamizi wakisema wasichana wetu hawapendi kusoma.

Fanyeni hivi. Kona moja tandikeni mkeka mnene kwa wadogo, na vitabu vya karatasi ngumu ambavyo vinaweza kutafunwa. Vitatafunwa, msilie. Kelele ya mtoto mchanga ivumilieni, maktaba ya watoto si chumba cha mtihani. Halafu angalieni bomba la maji liko wapi. Kama liko karibu na ukumbi, wekeni mahali pa bidoni (madumu ya maji) kando ya mlango. Msichana anajua foleni inavyokwenda. Bidoni yake ikiwa ya kumi na tano ana nusu saa nzima ya kwake, na nusu saa inatosha hadithi moja. Mkimwambia arudi akimaliza kuchota, harudi. Akimaliza kuchota kuna moto wa kuwasha.

Mimi nilisoma kwa sababu ya shangazi yangu aliyekuwa na kantini (sanduku) ya chuma chini ya kitanda, imejaa vitabu alivyoachiwa na masista. Hakuwa mwalimu, alikuwa mshonaji. Alikuwa ananiambia nisome kwa sauti ili asichoke na mashine. Nikikosea neno, anasimamisha mguu.

Mweka Hazina

Mimi nashika daftari la chama kingine, Kampemba, na sisi tunakodisha sali. Niwape hali halisi, maana watu hupiga hesabu ya pesa inayoingia na kusahau inayotoka.

Jumamosi za kiangazi zinajaa, kuanzia Mei hivi. Mvua zikianza, wateja wanapungua. Mlinzi analipwa mwezi mzima, kuna harusi au hakuna. Viti vinavunjika, na aliyevivunja ni mjomba wa bwana harusi, utamdai vipi? Jenereta, maji, usafi wa Jumapili asubuhi. Ukitoa vyote, kinachobaki si kile ambacho wanachama wako wanakiota. Mwombe mhasibu wenu alete safu mbili kwenye kikao, inayoingia na inayotoka, halafu nyamaza waisome wenyewe.

Kwa hiyo silazimiki kuchagua. Sherehe Jumamosi, maktaba Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi ilipe mshahara wa yule mtu wako. Ila makabati yawe ya chuma, yafungwe ukutani, yenye kufuli. Bia na vitabu havilali chumba kimoja bila mlango katikati.

Na usiende kikaoni na hoja ya "thamani kwa jamii" ukidhani itawatisha. Waingereza wanajua kupiga hesabu hizo kuliko sisi: mwaka 2023 watafiti wa University of East Anglia walikadiria kwamba maktaba za umma za huko huzalisha thamani isiyopungua pauni bilioni 3.4 kwa mwaka, wakihesabu kusoma kwa watoto, afya, watu kuvuka pengo la kidijitali na mengineyo. Nchi hiyo hiyo imefunga karibu maktaba 800 tangu 2010. Namba haijawahi kushinda kikao peke yake.

Mwana wa Likasi, Liège

Mimi ni mmoja wa hao wa kontena. Nimeumia kidogo, Mwalimu. Tumekusanya vitabu jioni baada ya kazi, wengine wametoa vya watoto wao wenyewe, halafu tunasoma kwamba vitakuwa chakula cha panya. Je, mna vitabu vingi kiasi hicho kwamba mnaweza kuchagua?

Mwalimu wa Katuba

Ndugu wa Likasi, moyo wenu nauona na sikukusudia kuukanyaga. Lakini ngoja tuseme kama watu wa nyumba moja. Kontena likifika Dar es Salaam linapanda lori, linapita Tunduma, linavuka Zambia nzima, linaingia Kasumbalesa, na kila mahali kuna karatasi na kila karatasi ina bei. Pesa hiyo ni mshahara wa mlezi wa maktaba kwa muda mrefu sana. Na ndani ya makontena ya namna hii, yale niliyoyaona yakifunguliwa, nusu ni kamusi za sheria za Ubelgiji, vitabu vya mapishi, na vitabu vya kuhesabu vilivyokwisha kujazwa majibu na mtoto mwingine. Hakuna aliyekusudia vibaya. Mtu anayetoa hutoa kile asichokihitaji, ndivyo tulivyo wote.

Mkitaka kweli kutufaa, chagueni vitabu vya picha, vichache, vizima, mvipitishe kwa mtu anayesafiri. Na zile gharama za kontena tuongee.

Mama Kasapa

Nimefanya kazi ya maktaba chuoni miaka mingi, kwa hiyo mniruhusu niwe mrefu kidogo.

Rafu. Ya juu kabisa isipite kifua cha mtoto wa miaka minane. Vitabu vya wadogo viwekwe jalada likitazama mbele, kwa sababu mtoto huchagua kwa picha. Mgongo wa kitabu haumwambii kitu. Msijaribu kupanga kwa namba kama sisi wa chuo. Utepe wa rangi tatu unatosha: wanaoanza, wanaojiweza, wanaokimbia. Asimzuie mtu mtoto wa rangi ya kwanza kuchukua kitabu cha rangi ya tatu. Atatazama picha, atarudisha, na atajua kilipo.

Dhamana. Hapa mjini, ukitaka kuazima mahali pengi unaombwa kadi ya kulipia na pesa ya dhamana. Sielewi kwa nini tunadhani hilo linalinda vitabu. Chicago walifuta faini za kuchelewesha vitabu Oktoba 2019, na mwezi uliofuata vitabu vilivyorudishwa viliongezeka kwa asilimia 240. Watu walikuwa wameficha vitabu nyumbani kwa kuogopa deni! Kwetu dhamana ndiyo faini yetu, tofauti ni kwamba inalipwa kabla ya kosa, na asiyekuwa nayo haingii kabisa. Ushauri wangu: miezi ya kwanza wasomee ndani tu. Baadaye kila Ijumaa mtoto aondoke na kimoja, mzazi aweke jina au dole gumba kwenye daftari. Vitapotea. Viandikeni kwenye matumizi, pamoja na chaki na sabuni. Maktaba ya watoto ambayo vitabu vyake haviishi ni maktaba ambayo havishikwi.

Lugha. Watoto wa Katuba wanaongea Kiswahili chetu cha mjini, shule inawadai Kifaransa, na vitabu vizuri vya hadithi katika Kiswahili bora viko Tanzania na Kenya. Wekeni vyote. Wafanyabiashara wa hapa wanakwenda Kariakoo kila wakati. Katoni moja ya vitabu vya watoto haitavunja gari lao. Tanzania wana mradi wa vitabu vya watoto tangu 1991, hawaanzi leo. Na kuna African Storybook ya Afrika Kusini, tangu 2014, hadithi za bure katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kimo, unaruhusiwa kuchapa. Mtu mwenye printa na stepla anaweza kuwapa rafu nzima ya kwanza.

Kuna jambo lingine ambalo sijaona mkiligusa. Mji huu ulianzishwa 1910, na chini ya Wabelgiji maktaba zilikuwa mbili mbili, za Wazungu upande wao na za "wenyeji" upande wao, kwa vitabu walivyochaguliwa. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani, maboi, walitoa historia ya Elisabethville, jina la zamani la mji huu, waliyoiandika wenyewe katika Kiswahili chetu. Aliyeikusanya ni André Yav. Leo wasomi wa Ulaya wanaijua, imewekwa hata kwenye intaneti. Tembeeni Katuba muulize watoto. Mudimbe, mwandishi na mwanafalsafa, mwana wa Likasi, alitoa vitabu vyake kwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na vizuri sana, lakini mtoto wa miaka kumi hafiki chuo kikuu. Tengeni rafu moja ya mji. Na Alhamisi moja moja mwiteni mzee aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, au mama aliyeuza Kamalondo zamani, asimulie, watoto waandike, daftari likae kwenye rafu hiyo na namba yake kama kitabu kingine chochote.

Mkiandika barua kwa burgumestri (mkuu wa manispaa), mtajieni Tamko la IFLA, shirikisho la maktaba la dunia, na UNESCO kuhusu maktaba za umma, la karibuni ni la 2022: huduma ziwe bure. Hatatoa pesa. Lakini atakuja siku ya kufungua, na akija hatawasumbua baadaye kwa karatasi.

Mdau wa Nairobi

Majirani, nimepita hapa nikaona mambo yanafanana. Maktaba yetu ya McMillan ilifunguliwa 1931 kwa Wazungu peke yao, Mwafrika alianza kuingia 1958. Jumba lenye nguzo na simba mlangoni. Lakini kina Book Bunk, shirika la hapa Nairobi, walipoanza kufufua maktaba za jiji tangu 2017, matawi ya Kaloleni na Makadara, huku Eastlands, ndiyo yaliyotengenezwa kwanza, lile jumba kubwa likasubiri. Nafikiri walipatia. Mtoto wa Kaloleni havuki mji kwenda kusoma, ana nauli ya nani?

Na wale wanaosema maktaba lazima iwe jengo, waulizeni watu wa Garissa. Tangu 1996 vitabu huko vinabebwa na ngamia kuwafuata wafugaji.

Binti wa Bukavu

Nisimulie la kwangu. Mwaka 2014 nilikuwa kambini Burundi, kambi ya sisi Wakongomani, wakati Bibliothèques Sans Frontières (Maktaba Bila Mipaka) na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, walipoleta lile sanduku lao, Ideas Box. Burundi ndiko lilikoanzia. Linakuja juu ya mbao mbili za mizigo, linafunguliwa kwa chini ya dakika ishirini, na ndani kuna vitabu, kompyuta, sinema, meza, viti, yote kwa rangi. Alilichora Philippe Starck, yule Mfaransa maarufu wa samani. Hilo nilikuja kulijua baadaye, kambini hatukuuliza.

Watu hudhani tulifurahia kompyuta. Sawa, tulipigana kwa ajili yake. Lakini kilichobadilisha maisha yangu ni ratiba. Kambini Jumatatu na Alhamisi ni kitu kimoja, unasubiri chakula, unasubiri habari. Ghafla kukawa na saa ya wadogo, saa ya wakubwa, saa ya akina mama. Mama yangu alianza kusema "nitafua kabla ya saa yako". Kwa hiyo namuunga mkono Mwalimu kuhusu saa. Mkisema saa nane, saa nane mlango uwe wazi, hata kama mlezi ana kilio kwao. Mtafute wa pili wa kushika zamu.

Mzee wa Tabora

Hongereni. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru yenyewe, si siku nyingine. Serikali ikitaka inaweza. Nyinyi anzeni na chama, lakini msiache kuidai serikali.

Kijana wa Ruashi

Miye ni fundi wa umeme, sikusema mbele. Bado sijakubali maneno yote. Lakini kama madirisha iko ku barabara, mwangaza wa muchana unatosha, na plake mbili za jua na betri moja zinawasha taa ine mpaka saa mbili ya usiku. Mununue vitu, miye nitafunga bule. Mutoto wa yaya yangu, mukubwa wangu, anasoma mangaribi ku stesheni ya mafuta, chini ya taa, magari yanapita hapo. Ile hainipendeze.

Mwalimu wa Katuba

Wapendwa, kikao kimekaa. Kilikuwa cha makelele, na mtu mmoja aliniita mgeni wa hesabu. Safu mbili za Mweka Hazina zilifanya kazi kuliko hotuba yangu yote. Mhasibu alizisoma polepole na watu wakaanza kutazamana.

Tumekubaliana hivi: majaribio kwa muhula mmoja wa shule. Maktaba Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi kwa wanaosoma mchana, mchana kwa wanaosoma asubuhi. Jumamosi ni ya sherehe. Niliomba bia ikatazwe ukumbini, nikashindwa vibaya. Basi makabati ya chuma, fundi wa kuchomelea amekwisha kupima ukuta. Watu wa Liège, nawashukuru kwa dhati, wameacha kontena; watachangia mshahara kwa miezi sita na kuleta katoni za vitabu vya picha kwa mikono ya wasafiri. Mkeka wa wachanga umepita bila kura, akina mama walisimama wote pamoja na hakuna mwanamume aliyethubutu. Mahali pa bidoni tumepata, chini ya dirisha la kwanza.

Kilichobaki ni mlezi wa maktaba. Wamejitokeza wengi, miongoni mwao mpwa wa mwenyekiti, kijana mwenye diploma nzuri na ambaye sijawahi kumwona akiongea na mtoto. Mwenyekiti ameniambia mara mbili kwamba diploma ni nzuri.

Mweka Hazina

Msibishane naye. Waleteni waombaji wote siku moja, kila mmoja asome hadithi mbele ya watoto ishirini kwa robo saa. Atakayebaki na watoto wengi mwisho wa robo saa, mpeni ufunguo. Mwenyekiti mwekeni kiti mbele aone mwenyewe.

Binti Kamalondo

Na kumi kati ya hao ishirini wawe na mdogo mgongoni.